Zamu ya Intaneti Nyumbani kwa Mzee Hoza

Siku niliyostaafu nikarudisha mkanda wa kupandia nguzo, karani wa stoo aliugeuzageuza akaniuliza ulikuwa wa kazi gani. Nikamwambia wa kufungia mbuzi. Akaandika hivyo hivyo, na sikumsahihisha. Ila nilipofika nyumbani nikaona ni bora nikae niandike mwenyewe, kabla hamjaamini kwamba kazi hii ilianza na ruta na kwamba sisi tuliotangulia tulikuwa wachunga mbuzi wa serikali.

Nawaandikia ninyi mliobaki, mnaopanda Malindi yetu ya Lushoto na Mgwashi kwa pikipiki, kompyuta mgongoni na matope mpaka magotini. Habari za vyeo na mishahara hamtazipata hapa, hazina utamu wowote. Nitawaambia habari za nguzo, ukungu, vitambaa vya kufuma, na nyumba moja ya Malindi. Nikiulizwa maishani mwangu nilifanya kazi gani, ndiyo nyumba ninayoitaja.

Niliajiriwa kuwa fundi wa laini za simu, enzi ambazo simu Lushoto ilikuwa kwa mganga mkuu, kwa wamisheni, kwa wenye maduka wachache na kwa mkuu wa shule ambaye hakuipokea. Mafundi wote walikuwa wanaume. Mama yangu alisema binti wa watu havai suruali barabarani, kwa hiyo siku ya kwanza nilivaa suruali ndani na gauni juu. Fundi wetu mkuu aliitwa Ayubu, Mbondei wa Muheza, mpole wa sauti na mlevi wa chai. Alinitazama, akatazama nguzo, akasema gauni libaki chini. Nikalivua nikalikunja juu ya jiwe, nikapanda. Ilikuwa barabara ya Magamba na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani ya barabarani, sikuiona ardhi hata kidogo. Kama ningeiona, leo ningekuwa mshonaji.

Ayubu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na utaratibu mmoja, naye hakuuacha hata tulipomcheka. Mtu akilalamika, usianze na mashine, wala usianze na maneno yake. Mwambie akuonyeshe. Kaa anapokaa yeye, shika anachoshika yeye, kisha ufuate waya kurudi nyuma kuelekea unakotoka, na usiruke nguzo hata moja. Kulikuwa na zahanati moja upande wa Soni ambayo simu yake ilikufa kila alasiri na kufufuka jioni. Wenzangu walibadilisha simu, wakabadilisha boksi la ukutani, wakaanza kumshuku mlinzi. Mimi na Ayubu tuliufuata waya kwa miguu kutoka kwenye meza ya muuguzi. Tulikuta mgomba ulioota kando ya njia. Upepo wa alasiri ukianza, jani moja liliinama likaushika waya, na jioni upepo ukitulia, linauachia. Ayubu alikata jani lile kwa kisu cha mfukoni, akauliza kama kuna mtu ana chai.

Baadaye waya za shaba ziliisha, nyingine kwa kutu na nyingine kwa wezi. Simu zikahamia mifukoni. Wenzangu wengi waliondoka, sisi tuliobaki tukaambiwa turudi darasani. Nilikaa dawati moja na watoto wa umri wa kitinda mimba wangu, miwani ikinitelemka puani, nikajifunza minara, kisha madishi ya kurushiana mawimbi kutoka kilele hadi kilele, kisha nyuzi zile za kioo. Nasema kwa majivuno kwamba mtihani wa mwisho niliwapita. Mmoja wao aliniuliza nilikuwa nimesomea wapi, nikamwambia juu ya nguzo.

Hapo ndipo intaneti ilipoingia majumbani. Mwanzoni ilikuwa ya barua na picha za harusi, haikumsumbua mtu. Kisha zikaja tivii zinazovuta filamu moja kwa moja kutoka mtandaoni, na visanduku vidogo vya kuchomeka nyuma ya tivii zile za zamani, na kila mtoto na simu yake. Kuanzia hapo malalamiko yalikuwa yale yale kutoka Lushoto mjini mpaka Mlalo. Intaneti yenu mbovu, picha inakwama, kaduara kanazunguka tu. Ninyi mnayajua. Lakini mara nyingi intaneti ilikuwa imefika nzima kabisa mpaka ukutani, na ugonjwa ulikuwa ndani ya nyumba.

Chukueni suala la vitambaa. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ilifunikwa, tivii ilifunikwa, na ruta ilipokuja na vitaa vyake ikaonekana ni mali, basi ikaingizwa kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vya sikukuu, ikafunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Ndani mle inapata joto, mawimbi yanazibwa na sahani, na mwenye nyumba anashangaa. Usimwambie mama wa watu kwamba kitambaa chake ndicho kibaya. Mwambie mashine inataka kuonekana na wageni. Ataiweka juu ya kabati mwenyewe, na kitambaa atakitandika chini yake. Hapo kila mtu ameshinda.

Na suala la nywila. Mgeni akiomba maji hanyimwi, na siku hizi akishakunywa anaomba nywila. Kuna mwalimu mmoja wa Mgwashi aliyelalamika kwamba jioni hawezi hata kufungua ujumbe. Nilipofika nikakuta vijana wamekaa safu nzima kwenye kingo za matuta yake, kila mmoja na simu, wakimwamkia kwa adabu kubwa. Hakuwa tayari kumnyima hata mmoja wao. Basi nikamfungulia mlango wa pili katika ruta ile ile, mtandao wa wageni wenye jina lake na nywila yake, nikaupa njia nyembamba. Vijana wakaendelea kuamkia, mwalimu akapata intaneti yake. Ruta nyingi zina mlango huo na hakuna anayeufungua.

Sasa nifike Malindi.

Aliyenipigia alikuwa mwanamke kijana anaitwa Rehema, mkwe katika nyumba ya Mzee Hoza. Aliongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha, na kweli alikuwa nyuma ya jiko. Mumewe anafanya kazi kwenye kiwanda cha chai Bulwa na huja mwisho wa mwezi, yeye anaishi na wakwe zake. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha Kiswahili wageni wa nchi za mbali kwa njia ya video, kupitia ofisi ambayo hajawahi kuiona. Masomo yalikuwa alasiri. Kila alasiri sura yake iliganda, sauti ikakatika, mwanafunzi akabaki anaita haloo, haloo. Ofisi ilikuwa imemwambia kwamba wiki inayofuata mkubwa wao angekaa ndani ya somo lake moja asikilize. Likikatika na hilo, kazi basi. Na nyumbani maneno yalikuwa yameanza. Mama mkwe alikuwa akisema kazi ya kuongea na kioo si kazi, na mumewe alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba aachane nayo arudi kwenye kabichi.

Nilipanda alasiri ya siku iliyofuata. Nikawaamkia wazee, nikapewa kiti, nikapewa chai, kisha nikamwomba Rehema anionyeshe. Chumba chake kilikuwa na meza dirishani, na nje matuta ya maharage yameshuka mpaka bondeni. Nilikaa kwenye kiti chake. Nikampigia mwenzangu wa ofisini kwa video, naye akaanza kunisalimia akakatikia katikati, mdomo wazi. Nikamuuliza Rehema ni nini kingine kinachotumia intaneti muda ule. Akasema hakuna, tivii ya Baba imezimwa. Nikamuuliza kama amewahi kumwomba Baba aizime. Alinitazama kama niliyemwambia apande juu ya paa la mzee. Kwenye nyumba kama ile, na nyumba zetu nyingi, mkwe hamwambii baba mkwe fanya hivi au acha vile. Akiwa na neno atalipitisha kwa mama mkwe au kwa mtoto, na neno la kumwambia mzee azime tivii yake halina hata mtoto wa kulibeba.

Nikaenda sebuleni. Mzee Hoza alikuwa kwenye kiti chake mbele ya tivii iliyozimwa, fimbo katikati ya magoti. Watu wa Malindi wanamjua kama msimamizi wa mfereji. Kwa miaka mingi ndiye aliyegawa maji ya kumwagilia, kutoka kwenye banio kule juu ambako mfereji unachota mtoni, mpaka mashamba ya chini kabisa. Ugomvi wa maji ulipozuka aliitwa yeye kabla ya mwenyekiti. Nilikuwa sijamuuliza kitu. Alinianza mwenyewe.

"Mwanangu, mimi huwa nazima. Nikisikia tu ameanza kufundisha, nazima. Hakuna aliyeniambia, nina macho. Sasa nimefunga huku juu na bado maji hayafiki kule chini. Basi katikati kuna mtu anaiba."

Nilitaka kucheka, kisha nikajizuia, kwa sababu mzee alikuwa amelieleza tatizo vizuri kuliko sisi tunavyoliandika kwenye ripoti. Halafu moyo ukaniuma kidogo. Alasiri zote hizo alikuwa amekaa mbele ya kioo cheusi, ameacha starehe yake kwa ajili ya mkwe wake, na mkwe hajui. Rehema alidhani Baba anasinzia. Mzee naye, kwa kuwa alikuwa amefunga na mambo hayakutengemaa, alikuwa ameanza kuogopa kwamba pengine mkewe anasema kweli, binti hana kazi ya maana. Aliniambia hilo kwa sauti ndogo, akaongeza kwamba hakupenda kuliwaza.

Nikamuuliza kwenye mfereji mwizi anapatikanaje. Akasema unaanza kwenye shamba lililokauka unapanda juu, unatazama kila mchepuko. Utaratibu wa Ayubu ule ule, na wala hawakujuana. Nikafungua kompyuta nikaingia kwenye ruta. Kulikuwa na kifaa kimoja kinachomeza karibu intaneti yote, lakini jina lake lilikuwa herufi na tarakimu tu, lisingemwambia mtu kitu. Tukaanza chumbani kwa Rehema tukapanda. Tulizima simu ya mama mkwe, kifaa kikaendelea kumeza. Tukazima simu za wajukuu, kikaendelea. Mzee alitembea na mimi chumba kwa chumba, akionyesha kwa fimbo kila waya aliouona, mpaka tukarudi sebuleni tukasimama mbele ya tivii yake.

Pembeni ya tivii kulikuwa na kitambaa cha kufuma. Nilikiinua. Chini yake kulikuwa na kisanduku cheusi, kidogo kama kiberiti kikubwa, na kitaa chake kinawaka. Nilikigusa kikanichoma vidole. Mwanawe wa Bulwa ndiye aliyekileta, akakifunga, akakiwekea picha bora kabisa iliyopo, akaondoka. Nikamuuliza mzee, hiki nacho huwa unakizima? Akachukua rimoti akaielekeza kwenye tivii, kama afanyavyo siku zote. Nikaiwasha tivii. Matrekta yakatokea, yanalima.

Hapo lazima niwaeleze kwamba Mzee Hoza alipenda kitu kimoja tu mtandaoni, nacho ni matrekta kwenye nchi tambarare. Mtu aliyelima mteremko maisha yake yote, alipoona shamba lisilo na mwinuko hata mmoja, trekta linakwenda mpaka linakuwa doa, hakutaka kuona kingine. Rimoti ya tivii ilikuwa inafumba kioo tu. Kisanduku hakikuwa na habari. Kilimaliza video moja kikaanza nyingine, matrekta yakalima alasiri nzima gizani, hakuna anayetazama, na Rehema kule chumbani anaita haloo.

Mzee aliiweka rimoti chini. Kisha akasema, "Kumbe mwizi ni mimi."

Nikamwambia hukujua, mzee wangu. Akasema kwenye mfereji hilo si jibu, kila mtu huwa hakujua. Halafu akanieleza sheria waliyokuwa nayo kule kwao. Kiangazi maji yakipungua, mwenye shamba karibu na banio ndiye anayemwagilia mwisho, kwa kuwa yeye anaweza kuchukua wakati wowote bila kuonekana. Akaelekeza fimbo kwenye kisanduku, kilichounganishwa kwa waya moja kwa moja na ruta, hakuna kifaa kilichokuwa karibu kuliko hicho. Akaniuliza, "Mashine hii inaweza kuwekewa sheria hiyo?"

Inaweza. Nilikaa kwenye zulia nikaiweka, naye akiwa ameinama juu yangu anauliza kila ninachobonyeza. Kompyuta ya Rehema niliipa nafasi ya kwanza, ikihitaji inapewa kabla ya wote. Kisanduku nikakiwekea kikomo. Nikaondoa kile kitendo cha video kujiendeleza zenyewe, na picha nikaishusha kutoka bora kabisa hadi ya kati. Masasisho ya simu za wajukuu, ambayo nayo hupenda kujipakua mtu akiwa na shughuli, nikayasogeza alfajiri. Kisha nikawasha matrekta ili aone mwenyewe kama kuna alichopoteza. Alisogeza kiti, akatazama sana, akasema trekta ni lile lile. Wateja wengine nimewaomba miaka nenda rudi wakubali kushusha picha, wakaniona nawadhulumu. Nilimpenda mzee yule siku hiyo hiyo.

Siku ya lile somo la Rehema la kusikilizwa na mkubwa wao sikuwa na kazi yoyote Malindi. Nilimwambia msimamizi wangu nakwenda kutazama mnara, na kwa kweli niliutazama nilipokuwa napita. Nilipobisha hodi, mama mkwe alinifungulia na kidole mdomoni. Sebuleni Mzee Hoza alikuwa amekaa wima. Tivii imezimwa, kitambaa kimekunjwa, na mkononi ameshika plagi ya kisanduku, ameichomoa ukutani.

Nilimnong'oneza kwamba hakukuwa na haja, sheria imo ndani ya ruta, kisanduku hakiwezi tena kumdhuru Rehema. Akanijibu kwa kunong'ona vile vile.

"Najua. Lakini siku ya zamu ya mtu, msimamizi hakai nyumbani. Anakaa kwenye banio."

Basi nikakaa na mimi. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa tu, tulisikia kila kitu. Rehema alikuwa anafundisha salamu. Alieleza kwamba hii anaambiwa mtu aliyekuzidi umri, kwamba huwezi kumpita mzee bila kuitoa, na kwamba ukiitoa lazima uisubiri iitikiwe. Kisha akamwambia mwanafunzi aseme. Sauti ya mzungu fulani, safi kabisa, bila kukatika, ikatoka kule ng'ambo ikasema shikamoo. Mzee Hoza, macho kwenye plagi yake, akaitikia kwa sauti ya chini, "Marahaba." Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Somo lilifika mwisho. Tukasikia watu wanaagana, tukasikia mkubwa wa ofisi naye anaongea kwa muda mrefu, kisha kompyuta ikafungwa. Rehema akatoka. Alitukuta sisi watatu tumekaa kama tuliofiwa, akataka kuniamkia, ndipo akaona mkono wa baba mkwe wake. Aliitazama ile plagi, akautazama waya uliolala sakafuni, akaitazama tivii. Sikuhitaji kumweleza kitu. Machozi yalimjaa hapo hapo.

Mjukuu hakuwepo wa kutumwa. Mzee akakohoa, kisha akauliza mwenyewe, akimtazama mkwe wake.

"Yamefika?"

Rehema akapiga goti. "Yamefika, baba. Yote. Wamesema niendelee."

Mzee akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayehesabu mashamba yaliyokwisha kunywa. Kisha akaninyooshea mimi plagi. "Haya, fundi," akasema, "nifungulie na mimi sasa."

Nilipiga magoti nyuma ya tivii nikaichomeka. Rehema anafundisha mpaka leo, na mumewe habari za kabichi hazitaji tena. Nimepanda nguzo kwenye ukungu wa Magamba, nimefunga madishi juu ya miamba, lakini hakuna waya niliouunganisha kwa fahari kuliko ule mfupi wa sebuleni kwa Mzee Hoza.